Meza ya Ishirini na Moja Nyumbani kwa Bi Rukia

Kabla ya karata ya kwanza, onyesheni viganja. Juu, chini, kisha kofi moja jepesi, kamera ione kwamba mikononi hamna kitu. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha nyinyi mliobaki mezani, na tangu nilipokiacha kiti changu bado nafanya hivyo nikiletewa chai asubuhi. Mke wangu huniuliza, "Wamwonyesha nani? Hakuna aliyekushuku."

Mmeniomba niwaandikie kazi hii ilivyoanza, kabla hamjaja. Naandika kwa furaha kubwa, maana kilichostaafu ni vidole. Vimekaza, havichangi karata kama zamani. Mwenyewe ningali na hamu ile ile. Mambo ya vyeo nitayapita. Nilipewa kimoja, na faida yake ilikuwa kushika ufunguo wa choo.

Nilizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, nikaacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa. Siku moja mtu alifungua mashine ya boti yote pale pwani, kila kipande akakilaza kwenye turubai, nami nikakaa kutazama mpaka ifungwe tena. Ilipofungwa nilikuwa nimeshazoea kutokwenda darasani. Tangu hapo nimechoma chokaa, nimeswaga punda, nimekaa Kiunga kwa fundi wa redio, nimeshona viatu, nimepika katika nyumba ya wageni Shela. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Watu waliniita mtu asiyetulia. Mimi nilijiona mtu anayemaliza haraka.

Karata zilikataa kumalizika. Kule Shela wageni walicheza barazani mchezo ambao sikuwahi kuuona. Karata nilizijua tangu utoto, shupaza, kopa, uru na pau, lakini katika michezo yetu watu hupambana wao kwa wao. Hapa kila mmoja alipambana na mgawaji peke yake. Shabaha ni kukaribia ishirini na moja kuliko yeye, bila kupita. Ukipita, umezama. Na mgawaji mwenyewe hana hiari! Akiwa na kumi na sita au chini yake lazima avute karata nyingine. Akifika kumi na saba lazima asimame. Hapangi, habuni, hatishi mtu. Amefungwa mikono na sheria, anacheza na watu walio huru, na bado hesabu ikipigwa mwisho wa siku yeye ndiye aliyeshinda mara nyingi zaidi. Kwa nini? Nilipeleka juisi na kurudi jikoni nikijiuliza swali hilo. Jibu lilinijia nikikuna nazi: wachezaji huvuta kwanza. Mchezaji akizama, ameshapoteza, hata kama mgawaji naye atazama baada yake. Ni hilo tu! Nilipiga ukelele, mpishi mwenzangu akadhani nimejikata.

Baadaye nilikwenda Mombasa nikagawa karata katika ukumbi wa kamari. Mikono yangu ilijifunza huko. Nyuso nilizoziona sitazieleza. Anayetaka kuzijua asimame kwenye mlango wa ukumbi kama ule watu wanapotoka, asiwatazame wanapoingia. Nilirudi Amu, Lamu ya kwenye ramani, nikiwa na mikono miepesi na sina pa kuitumia.

Ndipo akaja Bwana Sefu. Ni mtu wa mtaa wa Langoni aliyekaa ng'ambo miaka mingi, akarudi na kamera tatu na wazo moja. Angeweka meza ya ishirini na moja chumbani, mgawaji wa kweli na karata za kweli, na wachezaji wakae makwao wakitazama kwenye simu. Kila mtu angepewa kete za bure, picha tu kwenye skrini, na zikimwishia angepewa nyingine. Pesa isingeingia wala kutoka. Yeye angelipwa na matangazo ya sabuni na juisi. Alisema mtu akiujua mchezo vizuri kwa kete za bure, siku akiiona meza ya pesa ataipita akicheka. Hilo sikuwa na hakika nalo, lakini nilitaka sana kujua kamera itasomaje karata. Nikaingia kazini.

Chumba alikipanga kwa Bi Rukia, mtaa wa Mkomani, ghorofa ya juu. Kuta zake ni nene, sauti ya njiani haipenyi ila ya punda mmoja aliyefungwa chini ya dirisha letu, ambaye alisubiri kila mara mgawaji anapotaja hesabu ndipo alie. Bi Rukia mwenyewe alikaa chini. Bwana Sefu alimwambia tunafanya mambo ya kompyuta. Hakusema uongo. Alifupisha.

Tulikuwa wagawaji wanne, wote wa huku kwetu, na mwalimu wetu aliletwa kutoka Nairobi. Madam Wambui alikuwa akigawa karata tangu sisi hatujui kamera ni nini. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, kucha zimekatwa hadi nyamani. Siku ya kwanza alitufunulia meza na kutuonyesha kijicho cha kioo chini ya kitambaa. Kila karata ina mistari myembamba pembeni. Unaipitisha juu ya kijicho, kompyuta inaisoma, na kule Kiunga au Faza mchezaji anaona hesabu yake imebadilika. Niliomba kupitisha karata moja mara nyingi, kwa raha tu. Madam akasema, "Mzee Lali, hiyo si toy. Kaa, gawa."

Nikaonyesha viganja, nikagawa. Wachezaji wa majaribio walikuwa jamaa za Bwana Sefu, na ujumbe wao ulianza kumiminika kwenye skrini ya pembeni.

"Picha inasema nina tisa, hesabu inasema nina ishirini. Nimwamini nani?"

"Mgawaji, nirudishie karata yangu, iko kwa jirani!"

Madam alilaza kiganja mezani. Hiyo ndiyo ishara ya kuisimamisha meza, na mpaka leo mnaitumia.

"Mzee Lali, umeanza wapi?"

"Kulia, Madam."

"Na kwa nini kulia?"

Swali lilinishangaza, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ameingia kwa mlango. "Madam, huku kwetu hatuanzi kushoto. Kahawa, halua, ubani, hata kuvaa kiatu, ni kulia."

"Meza haijui ubani. Inajua kiti namba moja, na kiti namba moja kiko kushoto kwako. Karata ya kwanza ukiisomesha hapo, kompyuta inampa namba moja. Wewe unaiweka mbele ya namba saba. Umewaibia watu wawili na hujashika chochote."

Wenzangu walicheka sana, kisha wakagawa mmoja mmoja, na wote wakaanza kulia. Polepole tuliweza kujizuia. Mchezo ulipochangamka, mkono ulirudi kwao, kulia.

Madam alisema mkono hauna masikio, hakuna haja ya kuusemesha. Akaenda sokoni akanunua vikombe saba vya kahawa na dele, birika la kumiminia. Kila asubuhi kabla ya kazi tulivipanga penye viti saba, tukamimina maji kuanzia kushoto, tukayarudisha kwenye dele, tukamimina tena. Nilifanya bidii kuliko wote. Nilimimina mpaka bega likauma. Na siku moja nikagundua kwamba mkono unakwenda kushoto wenyewe, bila mimi kuusukuma! Nilifurahi kama aliyejifunza kuogelea.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na khitma kwa jirani. Wanaume walikaa wameegemea ukuta, na kwa kuwa mimi sijui kukaa, nilipewa dele nigawe kahawa. Upande wa kulia, mwanzo kabisa, alikaa Mwalimu Badi, kakake Bi Rukia, ambaye nusu ya wanaume wa mji huu walisoma alifu kwake. Upande wa kushoto, karibu na mlango, alikaa kijana muuza barafu aliyekuja kukimbia jua.

Nikaanza kwa muuza barafu.

Maskini alikuwa ameshakipokea kikombe ndipo akatambua. Akakishika kifuani, hakunywa wala hakurudisha, macho yamemtoka. Nami nilikuwa nimeshammiminia wa pili.

"Lali," akaita Mwalimu Badi.

"Labeka, Mwalimu."

"Tangu lini kahawa ikaanzia mlangoni?"

"Niwie radhi, Mwalimu. Mkono umenipotea. Ni mazoea ya kazi."

"Kazi gani hiyo ianzayo kushoto?"

Mtu mwerevu angesema kompyuta. Mimi nilikuwa bado na furaha ya mkono wangu uliojifunza, nikasema, "Kugawa karata, Mwalimu."

Mmoja akasema "Makubwa!" na wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Wagawa wapi?"

"Mkomani. Juu kwa Bi Rukia."

Kahawa haijamfikia mtu wa mwisho, habari ilikuwa imeshamfikia Bi Rukia.

Nyumba ile aliachiwa na mamake, naye mamake na mamake, kama nyumba nyingi za mji huu. Alilea watoto mle, akafiwa na mume mle, na jambo alilojivunia ni kwamba haramu haijapanda ngazi zake. Asubuhi alimwita Bwana Sefu nasi tukasikia kila neno, maana Bi Rukia husema Kiamu chake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya maji.

"Wanambia kompyuta, kumbe kamari! Ndani ya nyumba ya mamangu! Ijumaa iyayo sitaki kuona hata waya moya humu!"

"Bi, si kamari. Hakuna pesa."

"Karata na watu wa mbali wasioonana nyuso, na wewe wanambia si kamari?"

"Panda uone, Bi. Ukishaona, neno lako ndilo."

Alikubali kupanda siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Mwalimu Badi aliletewa habari, akasema yeye hapandi, atashika atakaloamua dadake. Bwana Sefu alitukusanya akatuambia wazi: hakuna nyumba nyingine aliyoipata yenye kuta kama zile na waya wa mtandao umeshafika. Tukitolewa, meza inahamia Nairobi pamoja na Madam, na sisi wanne kila mtu na njia yake. Wenzangu walifikiria watoto wao. Mimi niliwafikiria wangu pia, na zaidi ya hapo nilifikiri kwamba ndiyo kwanza nimepata kazi ambayo sijaimaliza. Nisingekubali iondoke kabla sijaielewa!

Alhamisi ikafika. Bi Rukia alipanda na buibui lake na mkwaju wa kuswagia punda mkononi. Sijui ulikuwa wa kazi gani, na hakuna aliyeuliza. Tulimkalisha ukumbini, nikakaa karibu naye na simu. Madam Wambui alikuwa mezani chumba cha ndani, mlango wazi, hivyo Bi alimwona mara mbili, mlangoni na kwenye simu.

"Haya," akasema. "Nionyeshe. Na usinifite kitu."

"Kwanza Bi, ukifungua unapewa kete. Hizi duara."

"Zanunuliwa?"

"Hazinunuliwi."

"Zauzwa?"

"Haziuzwi. Zikiisha, bonyeza hapa, utapewa nyingine."

Akaziweka zote kwenye mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, akavuta mpaka akazama, akabonyeza, akapewa nyingine. Akafanya tena. Akafanya tena, akinitazama mimi na si simu. Kisha akafungua kila pembe ya mchezo ule akitafuta mlango wa pesa, mpaka akafika kwenye tangazo.

"Na hini?"

"Sabuni, Bi. Ndiyo inayotulipa."

"Ndiyo haramu yenu hini?"

"Ndiyo, Bi."

"Haya. Sasa nifundishe kuteza."

Nikamfundisha kama nilivyowafundisha nyinyi, na kwa mgeni wa mchezo huu mpaka leo sijapata njia bora. Karata za namba zina thamani ya namba zake. Ree, ile yenye alama moja, ni moja au kumi na moja, upendavyo. Wazungu, yaani zile zenye sura za watu, wote ni kumi kumi.

"Hata yule wa kike?"

"Hata yule."

"Basi hapo wametenda haki."

Unapewa karata mbili, zote wazi. Mgawaji ana mbili, moja wazi na moja imelala kifudifudi. Chini ya skrini una vitufe vinne. Ongeza, upewe karata moja. Tosha, ubaki ulivyo. Maradufu, uongeze kete mara mbili na upewe karata moja tu, hiyo hiyo. Na Tenga, ukipata karata mbili zilizo sawa, uzifanye mikono miwili. Usizitazame karata zako peke yake, nikamwambia. Tazama ile ya mgawaji iliyo wazi. Akiwa na nne, tano au sita, yuko pabaya, maana lazima avute na huenda akazama. Hapo wewe tulia hata kwa kumi na mbili. Akiwa na mzungu, yuko pazuri, hapo ni wewe wa kuhangaika.

"Na hili duara lizungukalo?"

"Ni muda wako. Likifunga hujabonyeza, mashine inakutoshea yenyewe."

Alitazama simu, akatazama mlangoni, akatazama simu tena. "Lali, huyu wa simu yu nyuma ya huyu wa mlangoni! Yule kashaweka, huyu bado!"

Niliruka kwa furaha. Wageni wengi hucheza muda mrefu hawajaona hilo. "Ndiyo, Bi! Picha inazunguka mbali ndipo ikufikie. Kwa hiyo usingoje duara lifike ukingoni. Ukiona Madam bado hajainua mkono, yeye ameshainua."

Akacheza. Akazama mara mbili, akashinda mara moja, akamlaumu punda. Alikuwa ameegemea mbele, mkwaju umeanguka chini hana habari nao. Bwana Sefu aliyesimama dirishani akaona mambo yananyooka, na furaha ikampita kiasi.

"Bi Rukia!" akasema. "Tufanye jambo. Mkono huu huu mmoja. Ukitushinda, tunahama leo. Tukikushinda, utuache tukae!"

Madam Wambui akalaza kiganja mezani. Duara kwenye simu likasimama.

Bi Rukia aliinua uso taratibu. "Rudia hayo."

Bwana Sefu akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekaa hapa natafuta kamari kila pembe nisiione," akasema Bi. "Kumbe wewe unayo mfukoni. Waweka nyumba ya mamangu juu ya karata? Hiyo ndiyo kamari! Hakuna nyengine!"

Akasimama, akaokota mkwaju wake. Bwana Sefu alifungua mdomo, nikamwonyesha kwa jicho aufunge. Wenzangu watatu walikuwa wamesimama ngazini kama watu wa mazishi. Bi alikuwa amesema kweli yote.

Akafika mlango wa ngazi. Akageuka. Simu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Lali. Nane mbili hizi hufanywaje?"

Nikaenda kuangalia. Kweli, alikuwa na nane mbili, na Madam alikuwa na sita wazi.

"Bi, nane mbili ni kumi na sita, mkono mbaya kuliko yote. Lakini zikitengana, kila nane inaanza maisha yake. Na Madam ana sita, yuko pabaya. Tenga."

"Simtezei mtu nyumba."

"Humchezei mtu chochote. Ukiondoka sasa hivi hakuna unachopoteza. Ni nane mbili tu."

Alisimama hivyo hivyo penye ngazi. Akabonyeza Tenga. Madam akainua kiganja, duara likaanza kuzunguka, nane zikaachana. Ya kwanza ikaangukiwa na mzungu: kumi na nane. Nikamwambia tosha, akatosha. Ya pili ikapata mbili: kumi. "Ongeza!" Akaongeza. Ikaja tisa: kumi na tisa. Akatosha mwenyewe, sikumwambia.

Madam akafunua iliyolala. Mzungu. Sita na kumi, kumi na sita: lazima avute. Kwa mlango wa ndani tulimwona akivuta, na Bi, ambaye alikuwa ameshajua siri ya picha, hakutazama simu tena, alitazama mlango ule wa ndani. Ilikuwa saba. Madam amezama!

Bi Rukia akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, kilichomfanya punda wa chini ajibu. Kisha akajifunika mdomo kwa buibui.

"Nimepata nini?" akauliza.

"Kete, Bi. Za hewa."

"Hakuna nyengine?"

"Hakuna."

"Mbona basi nimefurahi hivi?"

Mimi nimelitafuta jibu la swali hilo tangu siku ile. Hilo ndilo lililonikalisha kazi moja miaka yote hii.

Alirudi akakaa. Akamwambia Bwana Sefu kwamba maneno yake aliyasikia na hatayasahau, na siku akisikia pesa imeguswa humu ndani, swichi kubwa ya umeme iko chini, ukutani kwake, karibu na kitanda. "Mutakaa. Lakini neno moya. Yule mama namwona aanza kushoto. Nyumba hini hakuna kitu kianzacho kushoto. Hata karata."

"Bi, kompyuta ndiyo..." akaanza Bwana Sefu.

"Kompyuta imepanga kwangu. Si mimi niliyepanga kwake."

Bwana Sefu alimpigia simu fundi wa programu Nairobi. Kilikuwa kitu kidogo, kugeuza namba za viti, kiti cha kwanza kikawa cha kulia. Sisi wanne, tuliomimina maji mpaka mabega yakauma, tukaambiwa turudi tulikotoka! Mwenzangu mmoja alikaa chini akacheka hadi machozi. Tulipofungua meza, wa kwanza kugawa alikuwa Madam Wambui. Akaonyesha viganja, akasomesha karata ya kwanza, mkono ukaenda kushoto.

Nikalaza kiganja mezani. "Madam, umeanza wapi?"

Alinirushia kile kipande cha plastiki cha kukatia karata. Lakini kesho yake nilimkuta peke yake na dele na vikombe saba, anamimina.

Miaka iliyofuata mnaijua, mmeiona nusu. Nitaongeza machache ya kazi. Usimwambie mchezaji "pole" anapozama. Mwambie hesabu yake, kwa sauti, kisha ngoja. Anayeandika matusi ana mtandao mbovu, aghalabu. Kulikuwa na mtu wa Kiunga aliyetutukana mwezi mzima, mpaka nikamwomba apande juu ya paa acheze huko. Tangu siku ile akawa mpole kama maji ya mtungi, ila mvua ikinyesha. Mchezaji akiuliza kama kuna siri ya kushinda kila mara, mwambie hakuna, na anayemuuzia siri hiyo ndiye aliyeshinda. Akiuliza kama sasa yuko tayari kwenda kwenye meza ya pesa, mwambie mgawaji wa kule naye hana hiari kama wewe, na kwamba wachezaji huvuta kwanza. Mweleze mpaka aelewe. Mimi niliweza kuwaelewesha wengi. Si wote. Na wapo wanaosema karata zenyewe hazifai hata bila pesa. Sibishani nao. Kukiadhiniwa sisi huifunga meza kama wao wanavyofunga maduka, tukaonana msikitini.

Siku yangu ya mwisho mlikuwapo wengi, kwa hiyo nitaandika sehemu ambayo hamkuiona. Alasiri ile kiti namba moja kilichukuliwa kutoka ghorofa ya chini, kama kila alasiri. Bi Rukia sasa miguu haipandi ngazi, lakini vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Nikamgawia mzungu na sita. Mimi nikafunua mzungu.

Kila mtu aliyepita mikononi mwangu anajua hapo hufanywaje. Unaongeza. Ni vibaya, lakini kutosha ni vibaya zaidi. Duara likazunguka. Halafu, kabla ya ujumbe kufika kwenye skrini, sauti ikapanda ngazini: "Tosha!"

Nikafunua iliyolala. Saba. Kumi na saba, na sheria inasema nisimame. Nilimshinda kwa moja.

Picha ikamfikia chini. Kisha:

"Lali!"

"Labeka, Bi!" nikajibu, kamera zote zikinitazama, viti vyote vikisikia.

"Siku yako ya mwisho, hukuweza kunionea haya?"

"Sina hiari, Bi."

"Gawa tena."

Mgawaji wa zamu ya pili alikuwa ameshasimama nyuma yangu. "Zamu yangu imekwisha, Bi."

"Imekwisha kwa nani?" akauliza. "Gawa!"

Nikagawa.